Rubani Aliyefundisha Watu Udereva

Wanafunzi wa shule ya udereva walimwita mwalimu wao Kapteni, na wengi wao walidhani ni utani tu. Walichokiona ni mtu wa miaka arobaini na moja, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, amekaa kiti cha abiria kwenye gari dogo lenye kibao juu ya paa, na kabla ufunguo haujazungushwa anasema kwa sauti tulivu: "Kiti. Mkanda. Vioo. Breki ya mkono. Gia." Kila neno mwanafunzi alitakiwa kulijibu kwa kugusa kitu chenyewe. Asipogusa, gari haliwashwi. Vijana walikuwa wakicheka chinichini. Lakini waliofundishwa naye walifaulu mtihani mara ya kwanza, karibu wote, na mwenye shule, mama mmoja mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi aliyejulikana kama Mama Shule, aliwatangazia wateja wake: "Huyu mwalimu wangu ameendesha vitu ambavyo nyinyi mnavipungia mikono tu."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameendesha ndege za mapangaboi mawili, abiria hamsini, mara nne kwa siku, kati ya miji ambayo barabara zake zilikuwa mbovu kiasi kwamba watu walichangishana nauli ili wasipite chini. Kitabu chake cha saa kilionyesha saa elfu nne na mia tatu za kuruka. Kisha, Jumanne moja, kampuni ikafungwa. Hakukuwa na sherehe wala kilio. Ndege zilikuwa za kukodi, wenyewe wakaja kuzichukua, na marubani kumi na wanane wakaambiwa warudishe vitambulisho vya kupitia geti. Mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, aliketi sebuleni na mkasi mdogo akafumua vishikizo vya mabegani vya kuvalia mistari ya cheo kwenye mashati yote sita, kimoja kimoja, ili mashati yapate kuvaliwa kama mashati mengine.

"Yasikae kabatini yakikuangalia," alisema.

Tangu siku ile ilikuwa imepita miaka miwili.

Mtu akimuuliza alichokitamani, hakuwa na jibu zuri. Haikuwa heshima, ingawa heshima nayo ni tamu. Haikuwa hata mawingu. Kulikuwa na sekunde moja tu, pale magurudumu yanapoiacha lami, mtikisiko wote unakatika kama umekatwa kwa kisu, na chombo kizito cha tani ishirini na kitu kinakuwa chepesi mikononi mwako. Sekunde hiyo alikuwa ameipata maelfu ya mara bila kuihesabu. Sasa alikuwa akiihesabu kwa kutokuipata.

Mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote kiumri alikuwa bibi mmoja wa miaka sitini na minane, mshonaji wa sare za shule, ambaye marehemu mumewe aliacha gari uani na bibi akaapa halitaozea pale. Siku moja Kapteni alimpeleka kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya viwanda, akamwambia aongeze mwendo. Bibi akakaza macho, akafika sabini, akafika themanini. Ghafla akapiga breki, wote wawili wakaruka mbele.

"Mwalimu! Unataka kunipiga?"

"Kukupiga, bibi? Kwa nini?"

"Mkono huo!"

Kapteni akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa hewani mbele ya kifua, ngumi imefungwa nusu, umevutwa kuelekea tumboni. Mwendo ulipokolea mkono ulikuwa umevuta usukani usiokuwepo, kuinua pua ya gari.

"Samahani, bibi," alisema. "Nilikuwa ninaruka."

Bibi mshonaji alipanga upya kilemba chake kwenye kioo. "Basi siku nyingine uniambie mapema. Nivae viatu vizuri."

Jioni alimsimulia mkewe kisa hicho ili wacheke. Mkewe alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaendelea kufuta machozi baada ya kicheko kuisha.

Si kwamba alikuwa amekaa akikunja mikono. Kila siku baada ya kazi alifungua kompyuta ya mezani na kutafuta kampuni za ndege za nje. Kazi zilikuwepo tele. Magazeti ya mtandaoni yalilia kwamba marubani hawatoshi duniani. Alijaza fomu: saa za kuruka, aina ya ndege, leseni, afya. Kisha kwenye ukurasa wa tano au wa sita linakuja swali moja fupi: Je, tayari una haki ya kuishi na kufanya kazi katika nchi hii? Ndiyo au Hapana. Akibonyeza Hapana, ukurasa unamshukuru kwa kupendezwa na kampuni, unajifunga. Binti yao wa miaka tisa, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, alikuwa akisimama nyuma ya kiti chake. Siku moja alimuuliza, "Baba, kwa nini usibonyeze Ndiyo?"

"Kwa sababu si kweli."

"Lakini hawakuoni."

"Wataniona baadaye."

Njia ilifunguliwa na rubani mwenzake wa zamani, mtu mmoja aliyekuwa mrefu hadi akiingia chumba cha marubani alilazimika kuinama kama anaomba msamaha, na hivyo wote walimwita Mrefu. Mrefu alikuwa ameoa mtu wa nje, akahama, na sasa alirusha ndege za aina ileile waliyoijua, kwenye kampuni ndogo inayohudumia visiwa. Akapiga simu. "Wanachukua wageni. Wanakuombea kibali cha kazi wenyewe. Ila kwanza uje ufanye mtihani kwenye simuleta, siku mbili tu. Nimewapa jina lako."

Simuleta ni mashine inayoigiza ndege: chumba cha marubani kamili, juu ya miguu ya chuma, kinachotikisika na kuinama kama kiko angani. Katika nchi yake haikuwepo hata moja. Barua ya mwaliko ilifika baada ya wiki. Kapteni aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Kilichobaki, alidhani, ni viza ya ziara ya siku saba.

Ofisi ya viza ilikuwa ghorofa ya pili, viti vya plastiki vimefungwa pamoja kwa chuma, watu wamekumbatia bahasha kama wamebeba watoto wachanga. Hakuna aliyezungumza kwa sauti. Namba yake ilipoitwa alisimama mbele ya kioo kinene, na nyuma ya kioo kulikuwa na mama mwenye miwani yenye kamba, sauti yake ikitoka kwenye kipaza sauti kidogo.

"Kazi yako?"

"Rubani."

"Wa kampuni gani?"

"Ilifungwa, mama. Miaka miwili sasa."

"Kwa hiyo huna kazi."

"Ninafundisha udereva wa magari."

Yule mama akaangalia fomu. "Hapa umeandika rubani."

"Ndiyo kazi yangu."

"Bwana, nimekuuliza kazi unayoifanya."

Siku kumi baadaye alipewa pasipoti yake na karatasi moja iliyokunjwa mara tatu. Kulikuwa na orodha ya sababu, na alama ya vema kwenye kisanduku kimoja: ofisi haijaridhika kwamba mwombaji ataondoka nchini baada ya ziara yake.

Aliliona fumbo lote pale barabarani, karatasi mkononi. Hana kazi kwa sababu haruki. Haruki kwa sababu hajafika kule. Hawezi kufika kule kwa sababu hana kazi. Alitembea kwa miguu kutoka mjini hadi nyumbani, saa moja na nusu, na alipofika mkewe aliuona uso wake. Alimwekea maji ya kuoga.

Aliyekataa kufa moyo alikuwa Mama Shule. Kapteni alikuwa amemwonyesha ile karatasi ili aeleze kwa nini siku hiyo alichelewa, naye akaishika mbali na macho, akaisoma, akapiga meza kofi.

"Wanasema huna kazi? Mimi ni nani basi? Hii shule ni banda la kuku?"

"Hawakusema hivyo, mama."

"Wamesema! Leta kalamu."

Aliandika barua kwa mkono wake, ikachapwa baadaye na karani. Ilisema kwamba mwalimu huyu ni mwajiriwa wake wa kudumu, mwalimu mkuu, kwamba ana wanafunzi kumi na mmoja wanaomsubiri, kwamba amepewa ruhusa ya siku saba na si siku nane, na kwamba asiporudi yeye Mama Shule atamfuata mwenyewe. Karani alimshauri sentensi ya mwisho iondolewe. Mama Shule alikataa kata kata.

Safari hii, kwenye fomu mpya ya viza, ilibidi Kapteni aandike kazi anayoifanya. Alikaa na kalamu mbele ya nafasi ile kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kwenye fomu yoyote. Herufi chache tu, na mkono uligoma.

"Nikiandika mwalimu wa udereva," alimwambia mkewe, "ninaona kama ninasaini."

"Unasaini nini?"

"Kwamba imekwisha."

Mkewe alikuwa akivua viatu vya kazi, miguu imevimba kwa zamu ndefu. "Andika, baba Kidoti. Fomu haijui wewe ni nani. Mimi ninajua."

Akaandika.

Nyuma ya kioo sasa alikuwa kijana mwenye tai iliyolegea. Alifunua faili mbili, ya kwanza na ya pili, akaziweka sambamba. "Mara ya kwanza uliandika rubani. Sasa umeandika mwalimu wa udereva. Ukweli ni upi?"

Kapteni alikuwa amejiandalia majibu mengi, la swali hilo hakuliandaa. "Rubani ndiye mimi," alisema. "Udereva ndiyo kazi."

Kijana aliinua macho. "Na ukifaulu mtihani wao, utarudi?"

"Nitarudi. Kibali cha kazi kinaombwa mtu akiwa nchini kwake, na mimi Jumatatu saa mbili asubuhi nina mwanafunzi wa miaka sitini na minane. Nisipotokea ataendesha gari peke yake, na hiyo itakuwa hatari kwa mji mzima."

Kijana alipitisha kiganja mdomoni, Kapteni akashindwa kujua kama anazuia kicheko au mwayo. Kisha akaisoma barua ya Mama Shule, na alipofika mwisho hakuzuia tena. Viza ilitoka. Siku saba, kuingia mara moja.

Alikuwa amesafiri kama abiria mara nyingi, lakini safari hii alikaa dirishani mikono imebanwa kati ya magoti. Mtihani ulifanyika kwenye jengo kubwa lisilo na madirisha, kando ya bohari za mizigo. Mtahini alikuwa mama mwenye mvi zilizokatwa fupi, hana maneno mengi. Walipanda ngazi za chuma, wakaingia, mlango ukafungwa, taa zikafifia, na mbele ya vioo ikajichora njia ya kurukia, na taa zake, na anga yake ya kijivu.

Ilikuwa anga ya uongo. Alijua hivyo. Alijua chini yake kuna sakafu ya saruji na mafundi wanaokunywa chai. Lakini alisukuma vishikizo vya injini mbele, kiti kikambana mgongo, rubani wa kiti cha pili akasoma mwendo kwa sauti, na alipovuta usukani mtikisiko ukakatika. Akaendelea kupanda.

Hakuwa mzuri mwanzoni. Kutua kwa kwanza alikuja juu mno, akaukosa mstari. Mtahini alisema neno moja: "Tena." Akarudia. Wakamzimia injini ya kushoto mara tu baada ya kuruka, na hapo, badala ya kuogopa, alihisi kitu kikitulia ndani yake. Mguu wa kulia ukakanyaga wenyewe, mabawa yakakaa sawa, akaita hatua moja baada ya nyingine. Siku ya pili walimaliza kabla ya muda.

"Umekaa muda gani bila kuruka?" mtahini alimuuliza wakiteremka ngazi.

"Miaka miwili na miezi mitatu."

"Haionekani sana," alisema, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kapteni aliingia msalani akafungulia maji, akainamisha uso kwenye sinki mpaka mtu mwingine alipotaka kunawa.

Alikuwa amefaulu. Mrefu alimpeleka kiwanja cha ndege kwa gari lake, magoti yamegusa usukani. Njiani alisema, macho yakiwa barabarani, "Sikia, ndugu yangu. Baki. Nina chumba. Kibali kitashughulikiwa ukiwa hapa hapa. Ukirudi kule watakupiga danadana mpaka nafasi iondoke."

"Viza inasema siku saba."

"Viza inasema mengi."

Kapteni alihesabu taa tatu za barabarani zikipita. Alitamani. Tusimpambe kwa uongo. Alitamani kiasi cha kuhesabu nguo alizonazo kwenye begi. Kisha akasema, "Niliulizwa usoni nikajibu usoni." Na Jumatatu saa mbili asubuhi bibi mshonaji aliingia kwenye gari, akagusa kiti, mkanda, vioo, breki ya mkono na gia, akasema, "Umekonda."

Mrefu hakuwa amekosea kuhusu danadana. Kibali cha kazi kilihitaji cheti cha polisi, kinachodumu miezi mitatu. Kilihitaji cheti cha afya ya urubani, miezi sita. Kilihitaji mamlaka ya anga ya kwao iandike kwa mamlaka ya kule kwamba leseni ni halali, barua itoke ofisi hadi ofisi bila kupita mikononi mwake. Afisa mwenye saini hiyo alikuwa masomoni. Aliporudi, aligundua kwamba kwenye leseni jina la babu limeandikwa kwa herufi moja zaidi kuliko kwenye pasipoti. Herufi yenyewe haitamkwi hata. Ni pumzi tu. Kapteni alikula kiapo mbele ya wakili kwamba yeye na yeye ni mtu mmoja. Kiapo kilipokubaliwa, cheti cha polisi kilikuwa kimekwisha muda. Kilipotoka kipya, cha afya kikawa kimebakiza wiki mbili. Zile karatasi zilifukuzana kama watoto wanaocheza uani, ukishika huyu, yule ametoroka.

Alijua dirisha la kila ofisi na jina la utani la kila mlinzi. Kampuni ya kule iliandika mara mbili kuuliza, mara ya tatu ikataja tarehe: nafasi itashikiliwa mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, baada ya hapo atachukuliwa mwingine. Siku hizo alikuwa mkali nyumbani. Alimgombeza Kidoti kwa kuacha penseli sakafuni, akaona midomo ya mtoto ikitetemeka, akatoka nje akasimama kwenye kamba ya nguo kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mkewe alimfuata. Hakuja kumtuliza.

"Miaka mitatu sasa uko hapa na haupo," alisema. "Unakula na sisi, haupo. Unamtazama mtoto, unatazama nyuma yake. Mimi sikuolewa na kivuli. Hicho kibali kije, uende. Labda ukiwa kule utakuwepo."

"Na nyinyi?"

"Na sisi tutakukumbuka vizuri, badala ya kukukumbuka ukiwa umekaa mezani."

Maneno hayo yalimuuma kwa siku nyingi, kwa sababu hakuona pa kuyapinga.

Kibali kiliingia kwenye simu siku ya ishirini na sita ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, akiwa kwenye gari na kijana aliyekuwa akijifunza kuegesha kwa kurudi nyuma. Aliona jina la mtumaji likipita juu ya kioo cha simu. Akaigeuza kifudifudi. "Endelea," alimwambia kijana. "Angalia kioo cha kushoto. Polepole. Klachi." Gari lilipoingia kwenye nafasi yake sawasawa, akamwambia avute breki ya mkono, azime. Ndipo akafungua. Kijana alimwona mwalimu wake akiegemeza kichwa kwenye dashibodi, akadhani amekosea kuegesha.

Mama Shule alilia kwa sauti ambayo ilitoa watu madukani. Bibi mshonaji, ambaye kwa wakati huo alikuwa na leseni yake na sifa mbaya kwenye mzunguko wa barabara kuu, alimshonea suruali mbili za bluu bila kumpima, na zikamkaa.

Kibali kilikuwa cha mtu mmoja. Familia, ilisema barua, inaweza kuomba baada ya miezi kumi na miwili. Cheo nacho kilikuwa cha chini: angeanza kama rubani msaidizi, kiti cha kulia, hata kama zamani alikalia cha kushoto. Alikubali yote. Siku ya kuondoka mkewe alikuwa zamu, akabadilishana na mwenzake kwa saa tatu tu, akaja kiwanja cha ndege akiwa na sare yake. Walishikana mikono kama watu wa kujuana tu, kwa kuwa mtoto alikuwa akiwatazama na wote wawili walijua kitakachotokea wakikumbatiana. Kidoti alimpa karatasi iliyokunjwa akamkataza kuifungua kabla hajafika. Aliifungua kabla hata hajakaguliwa begi. Ilikuwa ratiba yake ya shule, ili baba ajue saa za kupiga simu.

Ndege yake ya kwanza ya kweli ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, abiria thelathini na watatu, hewa safi, upepo kutoka upande wa bahari. Kapteni wake alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mpole, aliyemwambia, "Ondoka nayo wewe." Akaondoka nayo. Na ile sekunde ikaja. Ikaja kama alivyoiacha, bila kinyongo, ikamkuta mikono iko tayari. Chini visiwa vikajipanga, kimoja kina mnara mwekundu, kingine kimezungukwa na povu, na alicheka peke yake kwenye kipaza sauti mpaka kijana akamuuliza kama kila kitu kiko sawa. "Kiko sawa, kapteni," alijibu.

Alipotua alitoa simu ili amwambie mtu. Alitazama saa, akakokotoa: mkewe yuko wodini, simu iko kabatini, Kidoti yuko kwenye hesabu. Akairudisha mfukoni. Akasimama chini ya bawa, injini zikipoa kwa milio midogo midogo, na furaha yote ile mikononi, hana pa kuiweka.

Ikawa hivyo. Juu alikuwa mzima. Chini alikuwa na chumba chenye kitanda kimoja, jiko la plagi, dirisha linalotazama ukuta. Alijifunza kupika kidogo na kula akiwa amesimama. Alipiga simu kwa ratiba ya Kidoti, akajua majina ya walimu wote, akasikia sauti ya mtoto ikibadilika wiki hadi wiki, ikawa na maneno ambayo si yeye wala mamake aliyemfundisha. Wakati mwingine mkewe alimpigia akiwa ametoka zamu, wakanyamaza tu kwenye simu, kila mmoja akisikiliza chumba cha mwenzake.

Miezi kumi na miwili ilipotimia wakaomba. Sasa ikawa zamu ya mkewe kukumbatia bahasha kwenye viti vya plastiki. Alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi za jengo.

"Wanataka uthibitisho kwamba sisi ni mume na mke."

"Cheti cha ndoa si unacho?"

"Wameshakiona. Wanataka picha za pamoja. Za miaka tofauti."

Jioni hiyo walitafuta, kila mmoja upande wake, simu wazi katikati. Mkewe alitoa maboksi yote. Siku ya kuzaliwa ya Kidoti, ya kwanza: hayupo, alikuwa safarini. Ya tatu: hayupo. Mahafali ya mkewe ya uuguzi: kuna kiti kitupu alichowekewa akachelewa. Harusi ya shemeji: mkono wake tu, umeshika sahani. Katika miaka kumi na mitatu walipata picha sita, na kwenye mbili kati ya hizo amefumba macho.

"Unajua," alisema mkewe taratibu, "hata ulipokuwa unaruka hapa hapa, nilikuwa ninakusubiri. Nilikuwa nimesahau."

Kapteni alisikia karatasi za picha zikirudishwa kwenye boksi moja moja.

Walizituma zile sita. Baada ya wiki saba jibu likaja: kuishi pamoja naye, bado, kwa kuwa mkataba wake ni wa mwaka kwa mwaka, lakini mke na mtoto wanaruhusiwa kumtembelea kwa siku thelathini. Mkewe aliomba likizo hospitalini. Kapteni alinunua kitanda cha pili, cha kukunja, na pazia la kugawa chumba.

Kidoti, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na moja na mambo yake, alitaka kuongea na baba peke yake. Akafunga mlango, Kapteni aliusikia ukifungwa.

"Baba, sisi tukija tunakaa siku thelathini?"

"Thelathini, mama."

"Na wewe likizo yako ya kuja huku ni siku ngapi?"

"Kumi na nne."

Kapteni alijua anahesabu kwa vidole, ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kutovitumia.

"Arobaini na nne," alisema mtoto. Halafu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho ameshaamua kukichukua: "Mwaka huu una siku ngapi, wa kawaida au ule mrefu?"

"Wa kawaida," alisema Kapteni.

Kidoti hakuisema hesabu ya pili, ya siku zinazobaki. Alimuuliza kama huko kuna baridi, na kama alete sweta moja au mawili. Kapteni akasema mawili.